Mama Mkwe, Chati ya Tatu na Mvua ya Kakamega

Walimu wenzangu wa Lugari, mimi leo nimekwisha.

Sitanii. Nimeketi hapa kwenye ngazi za bweni, jua linaelekea kuzama, tumbo tupu kwa sababu siwezi kuingia bwaloni, na ninawaandikia nyinyi mliobaki shuleni na tuisheni ya likizo kwa kuwa sina mtu mwingine wa kumlilia. Rosa, mke wangu, siwezi kumwandikia. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini. Naomba tu barua hii isomwe polepole, kila mtu kwa zamu yake, na Mwalimu Wafula asipande juu ya kiti kuisoma kwa sauti kama anavyofanyanga na barua za watu.

Mnajua kilichonileta Kakamega. Mwaka mzima nimekuwa nikisoma shahada ya pili kwa posta. Vitabu vinakuja kwa bahasha, mihadhara inakuja kwenye kaseti, nami naketi na redio yangu usiku nikimsikiliza profesa ambaye nilimjua kwa sauti na kikohozi tu. Wanafunzi wenzangu sikuwajua kabisa. Kila mmoja alikuwa kwake na bahasha zake. Ndiyo maana mwezi wa nane, shule zikifungwa, tunaitwa wote kukaa pamoja katika shule moja ya bweni ya wasichana hapa mjini. Tunalala kwenye vitanda vya watoto wa kidato cha kwanza (miguu yangu inalala nje), tunakula kwenye sahani zao, na kabla ya kuachiliwa kila mtu anasimama mbele ya darasa kutetea pendekezo lake la utafiti. Ukipita, unakwenda kuandika tasnifu. Usipopita, unarudi kwenye bahasha mwaka mwingine mzima.

Mimi mwaka mwingine sina. Rosa amevumilia kaseti hizo hadi watoto wetu wawili wanaiga kikohozi cha profesa wakiwa mezani. Siku naondoka aliniambia bila kupepesa macho, "Baba Timo, hii ni ya mwisho. Rudi umepita, ama urudi uviuze hivyo vitabu kwa wenye kufunga njugu."

Mada yangu nayo mnaijua, kwa maana imewachekesha ofisini tangu Januari: kwa nini walimu wa shule za msingi wanaona haya kufundisha Elimu ya Maisha ya Familia. Yaani kubalehe, hedhi, mimba, mambo hayo ambayo mwalimu akiyafikia kitabuni anawaambia watoto wakasome wenyewe nyumbani. Wafula alinichorea chati tatu. Ya kwanza, mvulana anayekua. Ya pili, msichana anayekua. Ya tatu, mimba inavyotungwa. Wafula, ile ya tatu nilikuomba mchoro mdogo wa kitaalamu. Wewe ukachora kama mtu anayetafuta tuzo. Ukapaka rangi. Ukaweka mishale.

Sasa sikieni ya leo.

Asubuhi niliamka na furaha. (Nimeiandika ili niikumbuke. Sidhani kama itarudi.) Zamu yangu ya kuwasilisha ilikuwa alasiri, kwa hiyo nikaenda kuoga mapema nipate muda wa kurudia maneno yangu. Mabafu ni jengo moja nyuma ya mabweni, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na katikati pana tangi la maji. Nikatoka zangu, taulo kiunoni, mswaki mdomoni, beseni mkononi. Nikapinda kona ya tangi.

Mbele yangu alikuwa amesimama mama mkwe wangu.

Kwa faida ya Mwalimu Kariuki, ambaye ametoka Nyeri na bado anatushangaa, nieleze. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mikono. Hawali meza moja. Hawalali chini ya paa moja. Ukimwona njiani, wewe mkwe unaingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite, na mwenye shamba hakuulizi kitu. Tangu nimwoe Rosa, mimi na Mama Felista tumesalimiana kwa mbali, yeye akiwa mlangoni na mimi nikiwa karibu na zizi, na hata hapo kila mmoja anamsalimu ng'ombe. Ni mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana upande wa Malinya, mama mwenye heshima zake, ambaye akipita hata mbwa wanaacha kubweka.

Sasa mtu huyo mfikirieni ana kwa ana na mkwewe aliyevaa taulo. Na taulo lenyewe, kwa kuwa Rosa ndiye aliyenifungashia mizigo, lilikuwa la mtoto. Lina picha ya bata.

Nikaruka. Sikuchagua pa kuangukia. Upande wa kulia kulikuwa na ua wa kayaba, ile ya miiba mirefu, na hadi sasa sijamjua aliyepanda kayaba karibu na mahali watu wanatoka uchi. Nikaingia humo mzimamzima. Beseni lilibaki nyuma kwenye saruji, likizunguka na kupiga kelele peke yake. Nikamsikia mama mkwe akisema taratibu, "Yesu wangu." Kisha viatu vyake vikaondoka. Nilikaa ndani ya kayaba mpaka nikahakikisha hata kivuli chake kimekwenda.

Aliyenitoa miiba ni Rajabu. Huyu ni mwalimu wa Ekero, kitanda chake kiko kando ya changu, Mwislamu mwenye swala zake na utani wake.

"Salaam aleikum, Mwalimu Lusweti. Umepigana na nungunungu?"

"Rajabu, nimemwona mama mkwe."

Akaacha kucheka. Ekero nako wana wakwe. Nikamwambia huenda mama amekuja kumtembelea mwalimu mkuu mwenzake, atakunywa chai aende zake. Rajabu akasema tusikisie, akaenda kuchunguza. Mimi nikabaki kitandani nikijipaka mafuta kwenye mikwaruzo na kuomba Mungu. Aliporudi alikuwa anatembea kama mtu anayepeleka habari za msiba.

"Ni mwanafunzi," akasema. "Alichelewa kwa sababu ya matanga ya jirani yake. Amefika jana jioni."

"Mwanafunzi wa mwaka gani?"

"Wetu. Darasa letu, Lusweti. Wallahi nimeuliza mara mbili."

Jamani. Mwaka mzima. Mwaka mzima mimi nikiwa Lugari nasikiliza kile kikohozi, na Malinya kuna mama anasikiliza kikohozi hichohicho. Hakuna aliyejua habari za mwenzake. Na angenijuaje? Mimi na yeye tunazungumza kupitia ng'ombe.

Chai sikunywa. Nilifika hadi kwenye foleni, nikaona kitambaa chake cha kichwa cha buluu mbele ya sufuria, nikageuka. Mpishi akaniita mbele ya watu wote, "Mwarimu, unaenda wapi na kikombe yetu?" Nikarudisha kikombe bila kuinua macho. Darasani niliketi nyuma kabisa, nyuma ya kabati la ramani. Yeye, kwa kuwa ni mgeni, aliwekwa mstari wa mbele. Alikuwa ameshaniona. Nilijua kwa sababu alivuta kitambaa chake upande mmoja wa uso na hakugeuza shingo asubuhi nzima.

Nikafikiri tutavumilia hivyo. Yeye mbele, mimi nyuma, kabati katikati. Lakini hapa kuna utaratibu wao: kila anayewasilisha anapewa mwanafunzi mwenzake wa kumhoji, na wote wawili wanatiwa alama, mmoja kwa maelezo, mwingine kwa maswali. Mhoji wangu alikuwa mwalimu mmoja wa Kabras, mtu mpole sana. Tangu jana jino limemshika, leo amepelekwa hospitali. Profesa Mwakio akainua uso kutoka kwenye makaratasi yake, akakohoa (kikohozi kilekile), akasema:

"Mama Felista, wewe bado huna mtu wa kumhoji. Utamchukua Lusweti, alasiri."

Darasa likaendelea na kazi. Mimi nilisikia masikio yakivuma.

Wakati wa mapumziko nilimfuata profesa nje. Huyu ni mtu wa Taita, mfupi, mwadilifu, hana dogo. Nikajikaza.

"Profesa, yule mama ni mkwe wangu. Nimemwoa binti yake."

"Hongera."

"Sivyo, Profesa. Kwetu siwezi kusimama mbele yake."

"Basi utaketi."

"Na yale mambo siwezi kuyataja akiwa anasikia."

"Mambo gani?"

"Ya mada yangu."

"Mwalimu," akasema, "nikianza kupanga watu kwa ukoo wao, hapa Kakamega sitapata hata wawili wa kukaa chumba kimoja. Humu ndani hakuna mkwe. Kuna wanafunzi. Alasiri." Akaenda zake kunywa chai. Taita nao wana mama wakwe, lazima, lakini sijui huwa wanawafanyia nini.

Ilibaki njia moja, na njia hiyo aliipata Rajabu tukiwa nyuma ya bweni, yeye akila obusuma, ugali wetu wa huku, na mboga ya mrenda, mimi nikimtazama anavyokula. Akasema nina silaha mbili. Ya kwanza ni Kiingereza. Nyinyi mnajua Kiingereza ni blanketi zuri, neno ambalo kwa lugha ya mama lingekuangusha chini, kwa Kiingereza linapita kama jina la dawa. Ya pili ni mvua. Darasa lile halina dari, juu ni mabati matupu, na huku mvua ikifika alasiri inapiga hivi kwamba mtu akikuambia nyumba yako inaungua unamjibu nzuri sana.

"Utasimama, utachezesha mdomo," Rajabu akasema. "Mvua itakuwa inasoma."

Nikatazama juu. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa msituni, meusi, mazuri. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikapumua.

Alasiri ikafika. Nikaitwa. Nikapita kando ya ukuta, mgongo wangu ukimwelekea mama mkwe njia nzima, nikafika mbele nikasimama nikiutazama ubao. Mvua ilikuwa bado. Nikaanza kwa Kiingereza, chinichini, nikiambia chaki. Sikumaliza hata sentensi ya pili.

"Mwalimu," profesa akasema, "hao walimu utakaowahoji vijijini, utawahoji kwa Kiingereza?"

"La, Profesa. Kwa Kiswahili."

"Basi tuwasilishie kama utakavyowaambia. Na ugeuke, huo ubao hautii alama."

Blanketi likavuliwa. Nikageuka nusu. Mama mkwe alikuwa ameketi pale mbele, kalamu mkononi, macho dirishani. Alikuwa anatazama mti wa mkaratusi kana kwamba ameajiriwa kuulinda. Kule uwanjani Malinya wakati mwingine mafahali wawili huletwa kupigana, umati unangoja, nao wanageuziana makalio na kuanza kula nyasi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa.

"Mtoto akifika umri fulani," nikasema, "kuna mambo."

"Mambo gani?" akauliza profesa.

"Ya mwili."

"Ndiyo. Mwili unafanya nini?"

"Unakuwa na... mabadiliko. Mengine juu. Mengine si juu."

Watu wakaanza kukohoa ile ya kuficha kicheko. Profesa akaweka kalamu chini. "Tundika chati." Nikatundika. "Geuza chati, mwalimu, umetutundikia mgongo." Nikaigeuza ya kwanza, nikasimama mbele yake nikiikinga kwa koti. Akaniambia nisogee. Nikasogea kidogo. Akauliza kama huu ni utafiti wa watoto au wa mifugo, maana kufikia hapo sikuwa nimetaja kiumbe chochote kwa jina. Darasa likacheka waziwazi. Mimi jasho lilikuwa linaingia kwenye mikwaruzo ya kayaba na kuwasha kama pilipili. Akilini nilimwona Rosa akifungia njugu kwa kurasa za vitabu vyangu.

Hapo ndipo mvua ikaja.

Ilikuja kama inavyokujanga, bila kubisha. Matone machache juu ya mabati, kisha yote mara moja. Profesa akafungua mdomo, nikaona midomo inacheza tu. Akaweka mkono nyuma ya sikio. "Sauti!" Nikapaza. Akatikisa kichwa. "Sauti!" Nikapaza tena, nikajisikia mwenyewe kwa mbali kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Nikatupa jicho mstari wa mbele. Mama mkwe bado yuko na mkaratusi wake. Nyuma, wanafunzi wawili walikuwa wamegeukiana wanapiga domo. Hakuna aliyekuwa anasikia kitu. Hakuna hata mmoja.

Walimu wenzangu, siwezi kuwaeleza utamu niliousikia. Nikajinyoosha. Nikatundika chati ya pili bila kutetemeka, nikataja kila kitu kwa jina lake, juu na si juu. Nikatundika ya tatu. Nikachukua fimbo nikafuata mishale ya Wafula mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya mtu anayeuza viatu sokoni. Nilikuwa mwalimu hasa. Kama ningepewa alama dakika ile ningepita mara mbili. Na kwa kuwa hakuna aliyesikia, nikajisahau, nikaanza kuchekesha kama nikiwa ofisini na nyinyi. (Mniombee. Mdomo huu ndio adui yangu.) Nikafika pale ninapoeleza uongo tunaowaambia watoto, kwamba mtoto hununuliwa hospitali, nikainua fimbo, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"MTOTO HANUNULIWI HOSPITALI! HUTENGENEZWA NYUMBANI! MIMI NA ROSA TUMEHAKIKISHA MARA MBILI, NA WA TATU YUKO NJIANI!"

Mvua ilikuwa imekatika kwenye neno nyumbani.

Mnajua mvua yetu. Haipungui. Mtu anaifunga tu kama bomba. Hayo mengine yote yalitoka katika ukimya, na darasa lile lina mwangwi. Njiani, njiani, likarudi kutoka ukutani. Rajabu akalaza paji la uso juu ya dawati. Kalamu ya mama mkwe ikaanguka chini, na hakuinama kuiokota.

Sasa niwaambie ubaya wenyewe. Kwao Rosa habari hiyo haikuwa imefika. Ilikuwa bado changa. Rosa alitaka kwenda mwenyewe kumwambia mama yake kwa adabu, kike na kike, mwezi ujao. (Ndiyo, walimu. Sasa hata nyinyi mmejua.)

"Nani yuko njiani?" profesa akauliza.

"Hakuna mtu, Profesa."

"Umesema wa tatu."

"Ulikuwa mfano, Profesa."

Akaandika kitu. Kisha akasema maneno niliyokuwa nikiyaogopa tangu asubuhi. "Mama Felista, maswali."

Mama mkwe akasimama. Akavuta kitambaa, akaligeukia dirisha, akausemesha mkaratusi kwa sauti ya mwalimu mkuu siku ya wazazi.

"Profesa, naomba umwulize huyo mwalimu swali."

"Mwulize tu, si yuko hapo?"

"Profesa, mwulize wewe."

Profesa akamtazama, akanitazama, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba yale niliyomwambia nje hayakuwa mzaha. Lakini ni mtu wa neno lake. Akakunja mikono. "Haya. Nimwulize nini?"

"Anachunguza kwa nini walimu wanaona haya kufundisha somo hili. Sisi tumemwona akijificha ndani ya Kiingereza. Tumemwona akitundika chati kinyume. Tumemwona akingoja mvua. Mwulize, atakapofika kwa walimu wa watu, atawauliza kitu gani ambacho yeye mwenyewe hana?"

Profesa akanigeukia. "Anauliza..."

"Nimesikia, Profesa."

"Jibu."

Kila neno nililokuwa nimelirudia tangu Januari lilikuwa limekwenda. "Mwambie ni kweli," nikasema.

"Anasema ni kweli," profesa akauambia upande wa dirisha.

"Basi mwambie aandike hivyo," mama mkwe akasema. "Hiyo ndiyo sura yake ya kwanza. Asitafute nyingine." Akaketi. Karatasi ya maswali aliyokuwa ameishika ilikuwa inatetemeka mpaka pembe zake zinagonga dawati. Nilikuwa siku nzima nikijiona mimi tu ndiye ninayeumia mle ndani. Kumbe yule mama, kwa umri wake, alikuwa amesimama mbele ya chati ya Wafula na mkwe wake mropokaji, na bado akauliza swali zuri kuliko yote niliyosikia wiki hii.

Profesa akatoa hukumu. Mama Felista amefanya vizuri, alama zake zipo. Mimi nimepewa nusu. Kesho nirudie tangu mwanzo, kwa Kiswahili, chati zote tatu, uso nimeelekeza kwa darasa. Mhoji ni yuleyule. "Na ukishindwa," akasema huku akikusanya karatasi, "tutasikilizana kwenye kaseti mwaka ujao." Akakohoa.

Nilikuja moja kwa moja hapa kwenye ngazi. Nilitamani kulia, nikalia kidogo, siwafichi. Baadaye Rajabu akaja, mikono mifukoni, akaketi kando yangu.

"Nimeitwa na mama yako mkwe," akasema. "Ameketi kule nyuma ya jikoni. Amenipa ujumbe, na amenirudisha mara mbili nikariri."

"Sema tu. Nimeshakufa."

"Kwanza, anasema alimkataza Rosa kukwambia kwamba anasoma. Aliogopa akianguka mtihani katika umri wake, mkwe atajua."

Nikajifunika uso. Kwa sababu na mimi, siku niliyopata bahasha ya kwanza, nilimwapisha Rosa asiseme neno kwao Malinya, nisije nikaanguka wakwe wakajua. Kwa hiyo Rosa alijua yote. Mwaka mzima mke wangu amebeba siri mbili na mimba moja, akatuacha wote wawili tuje shule moja, na hakusema kitu. Akanifungashia na taulo.

"Pili," Rajabu akaendelea, "kesho usiruke chati ya tatu. Anasema profesa ataiuliza. Yeye atatazama dirishani, wewe tazama watu wa nyuma, mtamaliza salama. Anasema lazima upite, kwa sababu hawezi kukaa nawe darasa moja mwaka mwingine."

"Na tatu?"

"Rosa asibebe maji tena. Ununue punda au ubebe mwenyewe."

Nikaitikia kwa kichwa. Rajabu alikuwa amesimama tayari, lakini haendi, na mdomo wake ulikuwa unacheza.

"Kuna lingine?"

"Anauliza habari za taulo la bata. Anasema alimnunulia mjukuu wake mwaka juzi. Alitaka tu kujua kama lilifika."

Sina zaidi. Rajabu amekwenda kuswali, amesema ataniweka kwenye dua. Bwaloni nasikia sahani, na siendi. Nawasihi msicheke, na kama ni lazima mcheke, fungeni mlango wa ofisi, Rosa hupita hapo akienda sokoni. Wafula, nikirudi tutaongea kuhusu mishale.

Kilichobaki ni kesho. Profesa amenipanga wa kwanza, mara tu baada ya uji. Nimetazama mawingu tangu niketi hapa, nikahesabu na nyota zinazoanza kutoka. Nyinyi ni watu wa huku, msinidanganye kwa kunionea huruma: kuna aliyewahi kuona mvua ya Kakamega ikinyesha asubuhi?